Mchezaji Mfupi Mwenye Kipaji Katika Hoki ya Barafu ya Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hoki inayozungumziwa hapa ni ile ya barafuni, si mpira wa magongo wa nyasini ambao wengi wetu tuliukuta shuleni. Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wazazi na mashabiki huyarudia kila mwaka, klabu za NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, zinapokaa kuteua vijana wapya, na kijana fundi kuliko wenzake akaachwa aketi saa nzima, pengine siku nzima, akisubiri jina lake litajwe kwa sababu tu kipimo cha urefu kilimwangusha.

Mchezaji "mdogo" ni yupi hasa?

Mchezaji wa kawaida wa NHL ana urefu wa takribani sentimita 185 na uzito wa kilo 90. Kwa hiyo mtu wa sentimita 177, ambaye mtaani hakuna angemwita mfupi, huku huhesabiwa miongoni mwa wadogo, na aliye chini ya sentimita 175 huandikwa hivyo kwenye ripoti ya msaka vipaji kabla ya neno lolote kuhusu mchezo wake. Mrefu kuliko wote waliowahi kucheza katika ligi hiyo ni beki Zdeno Chara, mwenye sentimita 206. Mfupi kuliko wote ni kipa Roy Worters, mwenye sentimita 160, ambaye mwaka 1929 alipewa tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote, akiwa kipa wa kwanza kuipata. Msomaji azingatie pia kwamba urefu unaoandikwa kwenye karatasi za klabu haukosi kutiwa chumvi kidogo.

Kwa nini urefu na uzito vinatiliwa maanani kiasi hicho?

Kwa sababu vikumbo ni halali. Mchezaji aliye na kisahani (kile kiduara cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi kinachochezwa badala ya mpira) anaweza kusukumwa kwa bega, kwa nyonga na kwa kifua na mtu anayemjia kwa kasi, na nyuma yake mara nyingi hakuna nafasi ya kurudi ila ukuta wa ubao na kioo. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 tu, na ndani yake wamo watu 12 wanaoteleza kwa kasi ambayo mkimbiaji wa miguu haifikii. Mwenye mikono mirefu na gongo refu hufikia kisahani mapema, huziba njia za pasi, na akisimama mbele ya goli ni kazi kumwondoa.

Hata hivyo, wingi wa kilo si kila kitu, na jambo hili huonekana vizuri ukikaa nyuma ya kioo cha kona. Kisahani kimesukumwa nyuma ya goli, kimegonga ubao na sasa kinateleza polepole kuelekea kona, na beki wa kilo 100 anakifuata kwa mwendo wake wote. Mchezaji mfupi anayeijua kazi yake hugeuza shingo mara mbili kabla hajafika, juu ya bega la kushoto kisha la kulia, ili ajue adui anatokea upande gani. Hafiki kwa kunyooka, hufika kwa pembe. Hukunja magoti, hutanguliza makalio na kuyaegemeza kwenye ubao, ili kikumbo kikija kimtelezeshe kando badala ya kumbandika ukutani. Halafu hufanya jambo ambalo mwenye papara haliwezi: hungoja nusu sekunde, humwacha yule mkubwa autoe uzito wake wote, kisha hugeuka na kurudi kule kule alikotoka. Mkubwa hugonga ubao peke yake, kioo kikatikisika, na mdogo akawa tayari ameshatoa pasi.

Mchezaji asiye na ujuzi huo, awe na chenga nzuri namna gani katikati ya uwanja, hatadumu.

Je, ni kweli kwamba mchezo wa sasa unawafaa zaidi wachezaji wadogo?

Ni kweli, na mabadiliko yana tarehe yake. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mabeki walizoea kumfunga mshambuliaji kwa gongo kiunoni, kumshika jezi na kumziba njia hata akiwa hana kisahani, na waamuzi wakatazama pembeni. Msimu wa 2004–05 ulifutwa kabisa kwa sababu ya mvutano wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji, na ligi iliporudi mwaka 2005 ilirudi na sheria mpya: ushikaji ukaanza kuadhibiwa kwa uzito, na pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili, iliyokuwa imekatazwa, ikaruhusiwa. Kasi ikapata thamani, na pamoja nayo wakapata thamani watu wepesi.

Haina maana kwamba hapo awali milango ilikuwa imefungwa kabisa. Theo Fleury, wa sentimita 168, aliteuliwa na Calgary Flames mwaka 1987 katika nafasi ya 166, akatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 1989 na akamaliza na pointi zaidi ya 1,000 (kila bao na kila pasi ya bao ni pointi moja). Lakini Fleury alilazimika kucheza kana kwamba kila usiku kuna mtu aliyemtukania mama yake. Kijana wa leo halazimiki.

Angalizo moja ni kwamba katika mechi za mtoano, ambapo timu mbili zinaweza kukutana hadi mara 7 mfululizo, mchezo huwa mzito zaidi na nafasi za kupumua hupungua. Viongozi wa klabu wanaosita kumchukua mchezaji mfupi huwa na mechi hizo kichwani, si zile za msimu wa kawaida.

Uteuzi wa vijana hufanyikaje, na kwa nini wadogo huchukuliwa kwa kuchelewa?

Klabu 32 huteua vijana kwa zamu katika raundi 7, jumla ya wachezaji 224, na kijana huanza kustahili akitimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Ni umri mdogo mno kwa kutabiri. Msaka vipaji anaombwa aeleze mtoto wa miaka 17 atakuwaje akifikisha 24, na katika giza hilo urefu ni mojawapo ya mambo machache yanayopimika kwa futi. Akimpendekeza kijana wa sentimita 193 asiyefua dafu baadaye, wenzake watasema alikuwa na umbo zuri ila bahati haikuwepo. Akimpendekeza wa sentimita 171 akashindwa, watauliza alikuwa akitazama nini. Kwa maoni yangu woga huo wa lawama umewaangusha vijana wafupi wengi kuliko vikumbo vyenyewe.

Matokeo yake yako wazi. Johnny Gaudreau alichukuliwa na Calgary mwaka 2011 katika nafasi ya 104. Msimu wa 2021–22 alipata pointi 115, na alikuwa bado akicheza NHL alipogongwa na gari yeye na mdogo wake wakiendesha baiskeli, wakafariki, mwezi Agosti 2024. Brayden Point alichukuliwa na Tampa Bay Lightning mwaka 2014 akiwa wa 79, na msimu wa 2022–23 alifunga mabao 51. Alex DeBrincat alikuwa amefunga mabao 51 katika msimu wake wa kwanza wa ligi ya vijana ya Ontario na mengine 51 katika msimu wa pili, na bado mwaka 2016 klabu zilimpita mara 38 kabla Chicago Blackhawks hawajamchukua. Alirudi Ontario msimu uliofuata akafunga 65.

Mwenye bahati zaidi kati ya kizazi hicho ni Cole Caufield, ambaye baada ya kufunga mabao 72 katika msimu mmoja na timu ya vijana wa Marekani chini ya miaka 18 aliteuliwa wa 15 na Montreal Canadiens mwaka 2019. Wa 15, kwa mabao 72. Angekuwa na sentimita 10 zaidi, sidhani kama angevuka nafasi ya tano.

Wasaka vipaji hutafuta nini kwa mchezaji mdogo wasichokitafuta kwa mkubwa?

Hutafuta kitu kimoja kisicho cha kawaida, na kutokuwepo kwa kasoro ya pili. Mchezaji mrefu husamehewa mambo mawili au matatu: miguu mizito, mikono migumu, kuchelewa kuona pasi, husemwa kwamba atajifunza. Mchezaji mfupi amekwisha kutumia msamaha wake wote kwenye urefu. Akiwa mfupi na mzito wa miguu, au mfupi asiyependa kurudi kusaidia ulinzi, faili lake hufungwa.

Kile kitu kimoja kinaweza kuwa shuti linalotoka haraka kabla kipa hajajipanga, kama la Caufield na DeBrincat. Kinaweza kuwa akili ya kuona mchezo hatua mbili mbele, kama ya Gaudreau. Kinaweza hata kuwa ukorofi, kama wa Brad Marchand, ambaye mabeki wakubwa wanamchukia kwa sababu hawezi kunyamaza wala kuchoka. Kuwa "mzuri kwa kila kitu" hakutoshi, jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Mchezaji mzuri kwa kila kitu mwenye sentimita 188 ni mchezaji wa safu ya tatu (safu ni kundi la washambuliaji watatu wanaoingia pamoja kwa zamu) kwa miaka 10. Mwenzake wa sentimita 172 mwenye sifa zile zile hucheza ligi ya chini, kwa kuwa kocha anapopanga safu za kazi ngumu, za kuzuia na za kugombania ubao, humchagua mwenye mwili.

Ndiyo maana mchezaji mfupi kwa kawaida ana nafasi katika safu mbili za juu au hana nafasi kabisa. Lazima afunge au afungishe, na apangwe katika dakika zile ambazo mpinzani amebaki pungufu kwa adhabu, kwa sababu hapo ndipo uwanja hupanuka na ufundi ukazaa matunda.

Ikiwa hakuteuliwa na klabu yoyote, ndoto imekwisha?

Hapana, na kisa kinachostahili kusimuliwa kikamilifu ni cha Martin St. Louis. Alizaliwa Laval, jimbo la Quebec, akakua hadi sentimita 173, akacheza miaka minne katika Chuo Kikuu cha Vermont akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa vyuo, na hakuna klabu iliyomteua. Calgary walimpa mkataba mwaka 1998, wakamtumia kwa dakika chache katika safu za chini, kisha mwaka 2000 wakamlipa aondoke. Tampa Bay wakamwokota. Msimu wa 2003–04 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, akapata tuzo ya Hart, na timu yake ikafika fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya timu gani kama si Calgary. Mechi ya sita ilichezwa Calgary kwenyewe, Tampa wakiwa nyuma kwa mechi 3 kwa 2, ikaenda dakika za nyongeza mara mbili, na aliyefunga bao la ushindi ni yule waliyemlipa aondoke. Tampa wakatwaa kombe nyumbani kwao siku mbili baadaye.

Ikumbukwe kwamba hayo yote yalitokea kabla ya sheria za 2005.

Baada yake wamekuja wengine wasioteuliwa. Tyler Johnson alitwaa Kombe la Stanley mara mbili na Tampa hiyo hiyo. Mats Zuccarello, Mnorwei wa sentimita 173 hivi, alisajiliwa na New York Rangers mwaka 2010 baada ya kung'ara nchini Sweden. Jonathan Marchessault, mwenye sentimita 175, alikuwa mchezaji bora wa mtoano Vegas Golden Knights walipotwaa kombe mwaka 2023. Kutoteuliwa kuna faida moja ndogo: mchezaji huyo anaweza kuchagua klabu mwenyewe, akaenda mahali ambapo nafasi ya winga iko wazi.

Je, kocha na klabu vinaweza kubadilisha hatima ya mchezaji mdogo?

Vinaweza kuliko watu wanavyodhani. Caufield alianza msimu wa 2021–22 vibaya: bao 1 katika mechi 30, akashushwa kwa muda timu ya Laval ya ligi ya chini, na waliokuwa wakisema kuwa NHL si ya watu wa kimo chake wakapata la kusema. Mwezi Februari 2022 Montreal walimfukuza kocha wakamweka St. Louis, ambaye hakuwahi kufundisha timu yoyote ya kulipwa. Katika mechi 37 zilizobaki Caufield alifunga mabao 22. Mwili haukuwa umeongezeka hata sentimita moja. Aliongezewa dakika na kupewa uhuru wa kuzunguka atafute nafasi, na aliyekuwa akimweleza pa kusimama ni mtu aliyeishi maisha yake yote ya mchezo akilitazama dimba kutoka kimo kile kile.

Kwa hiyo anayefuatilia kijana fulani aangalie klabu iliyomteua kabla ya kuangalia nafasi aliyoteuliwa. Klabu ambayo tayari imewahi kumlea mchezaji mfupi haimwogopi wa pili. Kwa upande mwingine, klabu yenye wafupi watatu katika safu za juu huanza kuwauza, hata wakiwa wazuri, kwa hofu ya kuonewa wakati wa mtoano.

Ni nafasi gani uwanjani humfaa zaidi?

Winga, bila shaka. Winga hana wajibu mkubwa wa kukaba mbele ya goli lake, na muda mwingi hupokea kisahani akiwa na mwendo. Senta hugombea kila kisahani kinapodondoshwa na mwamuzi, kisha hushuka hadi nyuma kabisa kusaidia mabeki, hivyo vijana wengi waliokuwa senta katika ligi za vijana huhamishiwa pembeni wakifika juu. Point amebaki senta. Marco Rossi, Mwaustria aliyeteuliwa wa tisa mwaka 2020, alipata pointi 60 akicheza kama senta wa Minnesota Wild msimu wa 2024–25. Ni wachache.

Kwa beki, mambo yalikuwa magumu mno hadi hivi karibuni. Lane Hutson aliteuliwa na Montreal wa 62 mwaka 2022, katika uteuzi ule ule ambao klabu hiyo ilianza kwa kumchukua Juraj Slafkovský, jitu la Kislovakia lenye zaidi ya sentimita 190. Msimu wa 2024–25 Hutson alitoa pasi za mabao 60, akiifikia rekodi ya Larry Murphy kwa beki wa msimu wa kwanza, akamaliza na pointi 66 na akachukua tuzo ya Calder ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Mtazame anapokuwa na kisahani kwenye mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la kushambulia: hufungua nyayo hadi visigino vitazamane, huteleza ubavu ubavu huku mabega yakidai anakwenda kushoto, na mshambuliaji anayemkaba akishahamisha uzito wa mguu mmoja, vyuma vya viatu vya Hutson huwa vimekwisha kukata kulia. Hashindani nguvu na mtu. Haguswi tu.

Kipa ni habari nyingine, kwani hapo urefu ni eneo la goli linalozibwa. Juuse Saros wa Nashville Predators, mwenye sentimita 180, huonekana mdogo miongoni mwa makipa wa siku hizi, na Dustin Wolf, mwenye sentimita 183, aliteuliwa na Calgary mwaka 2019 akiwa wa 214 kati ya 217.

Kijana bado ana miaka 14 na ni mfupi. Je, urefu unaweza kuja baadaye?

Unaweza, na mzazi asiharakishe kukata shauri. Watoto hawabalehe kwa wakati mmoja. Kuna anayemaliza kukua akiwa na miaka 15 na kuna anayeendelea hadi 19. Daktari anaweza kupiga picha ya mkono na kukadiria umri wa mifupa, kwa kuangalia kama sehemu laini za ukuaji zimefunga. Hutson mwenyewe kabla ya uteuzi alizipelekea klabu maelezo ya daktari kuonyesha kwamba bado alikuwa na nafasi ya kukua.

Kuna pia suala la mwezi wa kuzaliwa. Katika hoki ya watoto ya Kanada umri huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, hivyo mtoto wa Desemba hucheza na wa Januari aliyemtangulia kwa karibu mwaka mzima. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kanada wameonyesha kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka wamejaa kupita kiasi katika timu teule. Mtoto mfupi wa Novemba huenda si mfupi. Huenda ni mdogo wa umri tu.

Vikumbo vyenyewe haviruhusiwi kwa watoto wadogo: Marekani ilivipeleka mbele hadi karibu umri wa miaka 13 mwaka 2011, na Kanada ikafuata mwaka 2013. Miaka ya kabla ya hapo ndiyo ya kujifunza kuteleza na kumiliki kisahani, na mfupi huitumia vizuri kuliko mrefu, kwa sababu hana njia ya mkato. Akifika 13 afundishwe namna ya kupokea kikumbo kabla ya namna ya kukitoa.

Aongeze uzito?

Aongeze nguvu za miguu, nyonga na mgongo, kwa utaratibu wa miaka, si wa miezi. Kilo zinazoondoa wepesi ni hasara tupu.

Apitie njia ipi: ligi za vijana za Kanada, vyuo vya Marekani au Ulaya?

Kwa muda mrefu hili lilikuwa swali la mara moja tu maishani, kwa sababu aliyecheza hata mechi moja katika ligi tatu kuu za vijana za Kanada alipoteza haki ya kuchezea timu ya chuo Marekani. Kizuizi hicho kiliondolewa, na tangu Agosti 2025 kijana anaweza kucheza Kanada hadi miaka 18 au 19 kisha akaingia chuo. Kwa mchezaji mdogo haya ni mabadiliko makubwa. Ligi za vijana humpa mechi nyingi, safari ndefu za basi na vikumbo vya kila wiki. Chuo humpa mechi chache zinazochezwa hasa mwisho wa wiki, na siku zinazobaki za kujenga mwili akishindana na watu wazima wa miaka 22 au 23. Gaudreau alipitia Boston College, Caufield Wisconsin, Hutson Boston University. Ningekuwa mzazi wa kijana wa sentimita 170, ningeelekea huko.

Ulaya, hasa Sweden, Finland na Uswisi, ni njia kamili yenyewe, si kimbilio la walioshindwa. Viwanja vingi vya huko ni vipana kuliko vya Marekani, fundi akipata mita mbili tatu za ziada za kupumua, na kuna wachezaji wafupi walioishi vizuri miaka 15 kwa hoki ya Uswisi bila kukanyaga NHL.

Malipo yakoje?

Msimu wa 2025–26 kima cha chini cha mshahara wa NHL kilikuwa dola 775,000. Anayesaini kati ya miaka 18 na 21 hupewa mkataba wa kwanza wa miaka mitatu wenye ukomo wa mshahara uliowekwa na ligi, na akishushwa ligi ya chini ya AHL hulipwa kwa kiwango kingine, chini ya dola 100,000 kwa mwaka. Familia isipige hesabu ya nyumba kwa kutazama namba ya juu.

Ni wangapi hawafiki?

Wengi, na ukurasa unaotaja waliofanikiwa peke yao ungekuwa unadanganya. Rocco Grimaldi, wa sentimita 168 hivi, aliteuliwa mwaka huo huo wa Gaudreau, nafasi 71 mbele yake. Alikuwa na kasi na moyo, alifunga mabao NHL, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo ameimalizia AHL, ambako alikuwa mmoja wa wafungaji bora. Hakuna aliyeweza kusema mwaka 2011 kwamba mambo yangegeuka hivyo. Mchezaji wa aina hii hukwama katika ngazi ile ambapo yeye ni bora mno kwa ligi ya chini na bado kocha wa juu, akihitaji mtu wa kujaza pengo kwa mechi mbili, humwita mrefu wa kuzuia badala yake.

Je, huumia zaidi kuliko wengine?

Hatari kubwa ni kichwa, kwani bega la mtu mrefu hufikia kidevu cha mfupi bila hata kuinuliwa. Mwaka 2010 ligi ilianza kuadhibu vikumbo vinavyolenga kichwa, na hali imekuwa nafuu. Zaidi ya hapo, wafupi wanaodumu ni wale wasiogongwa sawasawa, kwa ile tabia ya kugeuza shingo iliyoelezwa juu.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, mwembamba lakini wa kweli. Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm na baba Mkenya, aliteuliwa mwaka 2001 katika nafasi ya 221 na akatwaa Kombe la Stanley mara mbili na Chicago, 2013 na 2015, akiwa beki wa sentimita 183. Hakuwa mfupi sana, lakini waliomwacha hadi nafasi hiyo walikosea vilevile. Nairobi nako, timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja ulio mdogo kuliko ule wa kawaida. Mwaka 2018 wachezaji wake walikwenda Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Kutoka hapo hadi NHL hakuna njia iliyochongwa. Watoto wa Waswahili waliokulia Kanada na Marekani ndio walio karibu na mlango, na kwao kikwazo cha kwanza ni bei ya vifaa na ada za uwanja kabla urefu haujatajwa.

Mchezaji mdogo akishaingia, hudumu miaka mingapi?

Mara nyingi hudumu kuliko wale waliotegemea mwili, kwa sababu kile kilichomwingiza hakizeeki upesi. St. Louis aliongoza tena ligi kwa pointi mwaka 2013, akiwa na miaka 37, akiwa mzee kuliko yeyote aliyewahi kufanya hivyo. Marchand, aliyeteuliwa wa 71 mwaka 2006, alihamia Florida Panthers mwezi Machi 2025. Mwezi Juni, naye akiwa na miaka 37, alifunga mabao 6 katika fainali na kuinua Kombe la Stanley kwa mara ya pili, miaka 14 baada ya lile la kwanza.